Mtega Wadudu na Mlima Wake

Mji wa Muheza uko mita kama 200 tu juu ya usawa wa bahari. Amani, juu ya Usambara Mashariki, iko karibu mita 900. Kwa kila mita 100 mtu anazopanda, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, kwa hiyo anayefika Amani ameacha nyuma yake takriban digrii nne. Kwa abiria hilo ni suala la kuvaa sweta. Kwa vimelea vya malaria vinavyokua tumboni mwa mbu ni suala la kuwahi au kutowahi kukomaa kabla mbu hajafa. Watafiti waliofuatilia vijiji vya Usambara kutoka nyanda za chini hadi uwanda wa juu walichapisha matokeo yao mwaka 2003: huko juu, uambukizaji ulikuwa umepungua zaidi ya mara elfu moja. Ni wilaya jirani, na mteremko wa mlima tu katikati.

Mbu tunamjua vizuri kwa sababu anatuua. Mbawakawa, nondo, sisimizi na panzi wa misitu hiyohiyo nao wana mipaka yao juu ya mlima, ila hakuna hospitali inayotunza takwimu zao. Habari zao zinapatikana kwa mtu mmoja mwenye kazi isiyosifiwa sana, yaani mtega wadudu. Kadiri ninavyoitazama kazi hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wake mkubwa hauko kwenye kukamata. Kukamata mdudu hata mtoto anaweza. Ufundi ni kujua hasa umemkamata wapi, na kuhakikisha habari hiyo haitengani naye kamwe.

Ili kuelewa kwa nini mahali pana uzito huo, ni lazima tuitazame milima yenyewe. Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita nchini Kenya, inapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na Rubeho, hadi Udzungwa na Mahenge kusini mwa Tanzania. Miamba yake ni ya kale mno, nayo iliinuka mamilioni ya miaka kabla volkano haijaijenga Kilimanjaro. Pepo za Bahari ya Hindi huipiga zikiwa zimebeba unyevu, na unyevu huo uliitunza misitu yake hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kati ya safu moja na nyingine kuna nyika yenye joto na ukame. Kwa mdudu wa msituni asiye na mabawa ya kumfikisha mbali, nyika hiyo ni bahari na kila mlima ni kisiwa.

Tofauti hazikomei kati ya mlima na mlima. Uluguru peke yake ina nyuso mbili: upande wa mashariki, unaotazama bahari, hunyeshewa mno, na upande wa magharibi hubaki na masalia ya mawingu. Mgongo wa mlima hupigwa na upepo, udongo wake ni mwembamba, miti yake ni mifupi iliyofunikwa na kuvumwani. Ukiteremka kidogo kuelekea bondeni unakuta udongo mzito, miti mirefu, na majani yaliyoanguka ambayo hayakauki. Usiku hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama makorongoni. Penye kijito kuna ubaridi wa kudumu. Penye jiwe lililo wazi kuna joto la mchana. Ramani inaonyesha msitu mmoja wa rangi ya kijani, lakini wadudu wanaishi katika misitu mingi iliyopakana.

Ndiyo maana mtega wadudu mzuri huanza kazi bila mtego wowote mkononi. Anatembea. Anatafuta mstari wa kupanda nao kutoka chini hadi juu, kisha anachagua vituo kwa kimo, pengine kila baada ya mita 200, na katika kila kimo anatenga mahali pa mgongoni, pa mteremkoni na pa bondeni. Kishawishi kikubwa ni njia iliyokwisha kufyekwa, maana humo mtu hupita bila kuchanika. Fundi hujitenga nayo, kwa sababu penye njia pana mwanga, na penye mwanga pana wadudu wa mwanga. Kila kituo hupewa idadi ileile ya mitego, kwa siku zilezile, kwa chambo kilekile. Akitega mashimo 10 bondeni na 30 mgongoni, tofauti atakayoiona itakuwa ya jembe lake, si ya mlima.

Mtego wa kwanza ni wa bei rahisi na ndio unaomtambulisha fundi: kikombe cha plastiki kilichofukiwa ardhini. Ukingo wake lazima ulingane na uso wa udongo. Ukijitokeza juu hata unene wa ukucha, sisimizi hugeuka na kuuzunguka. Ukizama sana, mvua ya kwanza inajaza matope. Kwenye tambarare hilo ni jambo la dakika moja. Kwenye mteremko wa Udzungwa ardhi imeinama na kikombe kinataka kusimama wima, kwa hiyo fundi hukata kwanza kingazi kidogo, hukisawazisha, kisha huchimba mfereji wa nusu duara upande wa juu ili maji yapite pembeni. Ndani humimina maji na matone machache ya sabuni. Sabuni huvunja ule utando wa juu ya maji ambao mdudu mwepesi angeweza kuutembea, naye huzama mara moja. Juu huweka sahani au jani pana juu ya vijiti vitatu, mvua isiingie. Akiwataka mbawakawa wa mavi, huning'iniza juu ya kikombe kifurushi cha kinyesi, na kifurushi hicho lazima kiwe na ukubwa na umri uleule katika vituo vyote. Hakuna anayemsimamia wakati anapofanya haya. Akilegea kwenye kikombe cha ishirini, takwimu zitamfunika na hakuna atakayejua. Uaminifu huo wa mahali pasipo na shahidi ni sehemu ya ufundi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na viumbe wengi wa msitu wa milimani wako mvunguni kwelikweli, ndani ya majani yaliyooza na mboji. Hao hawaangukii kwenye kikombe. Fundi hupima eneo la mita moja ya mraba, hukusanya majani yote yaliyomo na udongo wa juu, huyachekecha, na chenga zilizopita huzitia katika kifuko cha wavu. Kifuko hicho huning'inizwa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye chupa ya spiriti chini yake. Kisha anangoja. Siku zinavyopita majani hukauka, na viumbe waliomo hushuka wakitafuta unyevu mpaka wanaangukia chupani. Anayeharakisha kwa kuuanika mfuko juani huwaua ndani ya majani kabla hawajashuka.

Njia hii ya kuhangaikia mboji ilifichua mambo makubwa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 Paul Basilewsky, mtaalamu wa mbawakawa kutoka jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, alikuja pamoja na Narcisse Leleup kwa niaba ya taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyokuwa Kongo. Leleup alikuwa mzoefu wa udongo wa misitu ya Kongo, na alijua kwamba mboji ya milimani huficha mbawakawa wadogo mno, wengi wao wasio na mabawa na baadhi wasio na macho. Mikusanyo ya safari yao iliwapa wataalamu wa nchi mbalimbali kazi ya kuandika kwa miaka mingi baada ya wenyewe kurudi. Mdudu asiye na macho wala mabawa hawezi kuhama. Pale alipo ndipo walipokuwa wazazi wake kwa vizazi visivyohesabika, na mlima jirani una jamaa zake waliokwisha kuwa wengine.

Kwa wanaoruka kuna hema. René Malaise, Mswidi aliyependa nyigu na jamaa zao, aliona kwamba wadudu wanaoingia kwenye hema la kulala hupanda hadi pembe ya juu wakitafuta pa kutokea. Katika miaka ya 1930 akatengeneza hema la wavu lenye ukuta katikati na chupa kwenye pembe ya juu. Mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kulisimamisha ni rahisi. Kulielekeza ndiko kunakohitaji jicho. Wadudu wana njia zao angani: pengo kati ya vichaka viwili, ukingo wa kijito, mahali mgongo wa mlima unapobonyea na upepo kupita. Fundi huketi kwanza, akatazama vumbi na mabawa katika miale ya jua, kisha huuweka ukuta wa wavu kukatiza njia hiyo, pembe ya juu ikielekea kwenye mwanga. Hema hilohilo likisogezwa hatua chache linaweza kukaa wiki nzima likivuna kidogo.

Usiku huwa zamu ya nondo, na hapa sura ya ardhi humjaribu mtega wadudu waziwazi. Shuka jeupe na taa kali vikiwekwa kwenye kilima kilicho wazi, usiku wa mwezi mwandamo na ukungu kidogo, nondo humiminika mpaka shuka halionekani. Ni furaha kubwa, na ni hasara ya kisayansi. Taa iliyo mgongoni huonekana hadi ng'ambo ya bonde, na nondo aliyetua kwenye shuka huenda ameruka kutoka msitu mwingine kabisa. Fundi anayejali swali la mahali huteremsha taa yake ndani ya kibonde kilichozibwa na miti, akakubali kupata nondo wachache ambao ana hakika nao. Kujinyima mavuno ili kupata ukweli ni jambo ambalo wakusanyaji wengi huchelewa kujifunza.

Mwisho kuna wale wa juu ya miti, ambao hawashuki kwa taa wala kwa chambo. Kwao hutumiwa moshi wa dawa ya pareto, ua lilelile linalolimwa Mufindi na Nakuru. Mashine hupuliza ukungu wa dawa hadi kwenye majani ya juu, na wadudu hudondoka juu ya shuka zilizotandazwa chini. Kazi hii hufanywa alfajiri, hewa inapotulia, maana upepo mdogo tu hupeleka dawa mti wa jirani. Kwa njia hii Mmarekani Terry Erwin alipata spishi zipatazo 1,200 za mbawakawa kwenye miti 19 ya aina moja nchini Panama, na mwaka 1982 akapiga hesabu kwamba duniani huenda kuna spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Hesabu za baadaye zimeshuka sana chini ya hapo. Kilichobaki bila kupingwa ni kwamba mti mmoja ni nchi yenye wakazi wengi.

Baada ya msitu, meza. Chupa zinamwagwa kwenye sahani nyeupe na kibano kinaanza kutenga: mbawakawa huku, nyigu huku, nzi huku. Mbawakawa huchomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, kamwe si katikati, ili nusu ya kushoto ibaki kamili kwa atakayechunguza. Nondo huchomwa kifuani na mabawa yake hutandazwa juu ya ubao wenye mfereji, yakabanwa kwa vipande vya karatasi mpaka yakauke yakiwa wazi. Mdudu mdogo kuliko punje ya mtama hachomwi. Hubandikwa kwa tone la gundi kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, na pini hupita kwenye karatasi. Gundi ikizidi, sehemu inayohitajika kumtambua inafunikwa. Ikipungua, ataanguka siku sanduku litakapotikisika. Katika hewa ya Amani kuvu huota juu ya kila kitu, na kuna mbawakawa wadogo ambao chakula chao ni wadudu wakavu. Sanduku lisilofungwa vizuri hugeuka unga.

Halafu lebo. Ni kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachochomwa kwenye pini ileile chini ya mdudu: nchi, mlima, mahali, nukta za ramani, kimo, tarehe, aina ya mtego, jina la mkusanyaji. Kwenye chupa za spiriti huandikwa kwa penseli au wino usioyeyuka, na karatasi huwekwa ndani ya chupa. Iliyobandikwa nje hubanduka. Fundi huiandika palepale msituni, mikono ikiwa na matope, kwa kuwa jioni kambini chupa mbili hufanana.

Makumbusho ya Ulaya yana wadudu wa kale kutoka kwetu ambao lebo zao zinasema tu "Usambara", au zinataja koloni la Wajerumani bila zaidi. Pini imenyooka, mabawa yamekamilika, na thamani yake ni nusu. Usambara ni milima miwili. Ile ya Mashariki na ile ya Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera, ambalo liko chini na lina joto, na kuna viumbe wa upande mmoja wasiopatikana upande wa pili. Neno moja lililokosekana kwenye lebo limemfanya mdudu yule kuwa pambo.

Faida ya lebo iliyotimia inaonekana kwa panzi. Claudia Hemp, Mjerumani, ametumia miaka mingi akichunguza panzi na jamaa zao kwenye Kilimanjaro na Tao la Mashariki. Miongoni mwao kuna panzi wadogo wasioruka wa jenasi Parepistaurus. Kwa macho matupu wote ni panzi wa kahawia wa msituni. Chini ya hadubini, viungo vidogo vya ncha ya mkia wa dume vina umbo tofauti kutoka spishi moja hadi nyingine, na spishi nyingi zina eneo lao dogo, mlima wao au ukanda wao. Kama panzi hao wangechanganywa katika chupa moja yenye jina la mkoa, mpangilio wote huo usingeonekana.

Mfano mwingine unapepea juu ya vijito vya Amani. Ni jamaa wa kerengende, mwembamba, aitwaye Amanipodagrion gilliesi. Alielezwa kisayansi mwaka 1962, na jina lake linabeba Amani pamoja na Gillies, mtafiti wa malaria aliyefanya kazi huko. Anajulikana kutoka Usambara Mashariki tu, kwenye maji safi yaendayo kasi chini ya kivuli cha msitu. Kata miti ya kandokando, kijito kipate jua na tope, naye hana pa kwenda: juu kidogo maji ni machache, chini kidogo joto ni jingi.

Kwa nini hatua chache za kimo zimzuie mdudu hivi? Mwaka 1967 mwanabiolojia Dan Janzen alitoa jibu linaloheshimiwa hadi leo. Mdudu wa nchi za baridi huyaonja yote katika mwaka mmoja, theluji na jua kali, kwa hiyo akipanda mlima hakutani na kitu kigeni. Mdudu wa tropiki huishi mwaka mzima katika joto karibu lilelile. Mwili wake umezoea digrii chache tu, na mlima ambao mwenzake wa kaskazini angeuvuka, kwake ni ukuta. Kwa sababu hiyo milima yetu, hata ile mifupi, inagawa viumbe kwa ukali zaidi kuliko mirefu ya Ulaya. Na sasa dunia inapopata joto, waliozoea ubaridi wa Amani hulazimika kupanda, na vilele vya Usambara Mashariki vinaishia kwenye mita kama 1,500. Atakayetaka kujua nani amepanda na nani ametoweka hana pa kuanzia isipokuwa vimo vilivyoandikwa kwenye lebo za zamani.

Watanzania wana somo lao tayari. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Udzungwa, akiishi kwenye hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mitambo ya umeme ilipoyachukua maji mwaka 2000, manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Yeye alikuwa na bahati ya kujulikana, na waliochukuliwa mapema wakazaliana ughaibuni. Mbawakawa asiye na macho wa korongo la aina hiyo hapati matangazo wala ndege ya kumpeleka popote.

Kwa hiyo hoja ya kwamba msitu ukikatwa upande huu upo mwingine upande wa pili haina msingi katika milima hii. Waliokabidhiwa uamuzi wa barabara, shamba au bwawa huko juu waombe kwanza masanduku ya pini ya mlima husika na kusoma lebo zake, mteremko kwa mteremko. Wakikuta masanduku hayapo, wampeleke mtega wadudu kabla ya kupeleka tingatinga, na wampe muda wa kusawazisha vikombe vyake.